Nipeni Mji

Kuna mlango uko wazi asubuhi, mchana na jioni. Hauna bawabu wala komeo, na juu yake pameandikwa "Karibuni nyote" kwa herufi za kijani. Miaka sita watu wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale Mombasa, waupita, na ni mmoja tu aliyetia mguu ndani. Ni mlango gani huo?

Msijichoshe. Ni mlango wa Umoja wa Mistari Wazi, nao uko mtandaoni.

Umoja huo ni wa watu wazima wenye akili zao, waliokaa kitako wakakubaliana namna moja ya kuchora picha kwenye mtandao, namna isiyo na mwenyewe, isiyouzwa wala kufichwa. Ndiyo maana ya wazi. Na kila mwaka hufanya mkutano mkuu wa mafundi, na mkutano huo nao uko wazi kwa kila mwanadamu aliye hai, mradi tu awe na pasipoti inayopendwa na watu wa viza.

Pasipoti ya Areej haikupendwa. Areej alikuwa na miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Kuze, nyumba ya tatu ukitoka madrasani, ile yenye ngazi iliyomeguka kidato cha pili. Kazi yake ilikuwa kuandikia kompyuta maagizo, na kwa miaka sita aliufanyia Umoja kazi bila kulipwa, akirekebisha makosa ya watu wasiomjua hata sura. Mara tatu aliomba viza aende mkutanoni. Mara ya kwanza aliambiwa hakuonyesha sababu ya kutosha ya kurudi kwao. Mara ya pili alionyesha sababu kumi na moja, akaambiwa ni nyingi mno, zatia shaka. Mara ya tatu hakuambiwa kitu. Pasipoti ilirudi peke yake ndani ya bahasha, kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Ndipo akapata wazo. Ikiwa yeye hawezi kuufikia mkutano, basi mkutano na uje Mombasa, aingie kwa miguu yake, akae kiti cha mbele, na asiulizwe na mtu kama ana nia ya kurudi nyumbani. Nyumbani si hapo hapo kisiwani?

Kamati ya Umoja, watu kumi na mmoja waliotawanyika katika nchi tisa, ililijadili wazo hilo kwa miezi kumi na minne tu. Wakakubali kwa moyo mkunjufu, na kwa masharti.

Mwenyekiti alikuwa Lennox, Mkenya aliyekulia Nairobi akahamia ughaibuni, mtu mpole ambaye ungemuuliza saa ngapi angeomba kwanza maoni ya wajumbe. Sheryl ndiye aliyeandika kanuni zote za Umoja, na alizipenda kama wengine wanavyopenda wajukuu. Waliobaki tisa walikuwa vidirisha vyeusi kwenye kompyuta, na mara moja moja kidirisha kimoja kilikohoa.

Uamuzi wao ulikuwa na desturi yake. Mwenyekiti akitoa pendekezo na mmoja akaliunga mkono, mwenyekiti huuliza, "Kuna pingamizi?" kisha huhesabu hadi kumi. Kumi ikipita kimya, jambo limepita, linaandikwa, na kwa kanuni ya kumi na saba ya Sheryl halifunguliwi tena mpaka itolewe taarifa ya siku sitini.

Areej aliijua kanuni hiyo kwa machungu. Kamati ilikaa wiki saba ikijadili utepe wa kuvalia vitambulisho, ikapitisha kijani fulani, si cha majani wala cha chupa, kijani cha katikati. Areej akazunguka maduka yote ya vitambaa mjini, akarudi na habari kwamba kijani hicho hakipo, buluu ipo tele.

"Tunashukuru sana kwa mchango wako, Areej," Sheryl alisema. "Toa taarifa ya siku sitini."

Basi utepe ukabaki kijani kisichopatikana, na mafundi bingwa wa dunia wakajiandaa kutembea shingo tupu.

Aliyekuwa akiandika kumbukumbu za vikao hivyo ni Kazungu, karani wa ofisi moja ya bandarini Mbaraki, kijana wa Kilifi mwenye mwandiko wa kunyoosha na subira ya punda. Alifanya kazi hiyo kwa sababu moja: siku walipoulizwa nani ataandika, wote kumi na mmoja walizima vipaza sauti, naye, aliyekuja kusikiliza tu kwa ajili ya rafiki yake Areej, alikuwa akipiga chafya.

Sasa ilikuwa imebaki siku arubaini mkutano ufanyike. Ukumbi ulipatikana Mbaraki, ukumbi wa arusi, wenye jukwaa na viti viwili vya dhahabu vya bibi na bwana arusi. Kamati iliuliza kama viti vile vyaweza kuondolewa. Mwenye ukumbi akajibu kwamba vimepigiliwa. Kamati ikaona si neno, wazungumzaji watakaa humo wawili wawili.

Lakini lilibaki sharti moja, na hilo ndilo lililomkondesha Areej. Wenyeji arubaini lazima wawe wamejiandikisha kabla ya kikao cha Alhamisi. Wasipotimia arubaini, mkutano unahamishiwa mji mmoja wa Ulaya, kwenye ukumbi wenye zulia, na Areej atautazama kwenye kompyuta kama kawaida yake, akipungia mkono watu wanaokula biskuti.

Jumapili alifungua orodha. Tangazo lilikuwa limepelekwa kwa watu elfu moja na mia mbili. Waliojiandikisha walikuwa watatu: yeye, Kazungu, na kampuni moja inayouza dawa za kuotesha nywele.

"Tuna watatu," alimwambia Kazungu kwenye simu.

"Wawili na nusu," Kazungu akasema. "Ile ya nywele imejaza fomu kwa Kirusi."

Bibi yake Areej, Bi Hind, alikuwa barazani akichambua mchele, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya paka. Ni lazima ijulikane kwamba Bi Hind hakuwa mtu hivi hivi. Kwa miaka arubaini kazi yake ilikuwa kualika. Ukiwa na arusi, hitima ya marehemu, au mwanao amehitimu Kurani madrasani, humwandikii mtu kadi ukatulia. Wamtuma Bi Hind, naye huvaa buibui lake la heshima, hupita mlango kwa mlango, husalimu, huuliza hali za waliopo na wasiokuwapo, kisha ndipo husema alichotumwa. Asiyeitwa kwa mdomo hakuitwa. Kuna watu Kuze waliopata kadi yenye dhahabu pembeni wakakaa nyumbani wamenuna, kwa kuwa hawakuona mtu mlangoni.

"Areej," akaita. "Wataka watu wangapi?"

"Arubaini, Bibi."

"Umewaalika?"

"Nimewatumia kiungo."

"Umewatumia nini?"

"Anwani, Bibi. Wanaibonyeza kwenye simu, mlango unafunguka, wanajaza majina."

"Na nani aliyekwenda kwao?"

"Hakuna. Ni wazi kwa wote. Kila mtu amekaribishwa."

Bi Hind akaweka ungo chini. "Kila mtu ni nani? Mwanangu, mimi nimemjua Naomi, nimemjua Ziad, nimemjua mke wa mwalimu na wifi yake aliye mkaidi. Huyo Kila Mtu sijapata kumwona hapa Kuze. Amepanga nyumba gani?"

Areej akacheka bila kutaka. Akakaa kidato cha kwanza, akaeleza. Ikamchukua muda, maana Bi Hind hakukubali kwenda kualika watu kwenye jambo asilolijua. Hata kwenye maziko watu huuliza ni ya nani.

"Picha ya kawaida ya simu," Areej akasema, "ni kama choroko ulizozipanga kwenye sinia. Ukizitazama kwa mbali waona ua. Ukitaka ua liwe kubwa, wavuta choroko zile zile, zaachana, waona sinia."

"Ndiyo ile picha ya marehemu babu yako aliyoikuza Ziad, akatoka na uso wa vigae."

"Ndiyo hiyo. Sasa sisi hatupangi choroko. Sisi twaandika maelekezo. Anza hapa, nenda kulia hatua tatu, pinda kama tao la mlango, rudi. Kompyuta yasoma, yachora upya kila mara. Ukiitaka ndogo yachora ndogo, ukiitaka kubwa yachora kubwa. Haipasuki, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupasuka. Palikuwa na maneno tu."

Bi Hind akautwaa ungo tena. "Kama kumwelekeza mgeni nyumba. Hapa kwetu hakuna namba. Wamwambia pita madrasani, kata mkono wa kushoto penye kinu kibovu. Mtu mnene atafika, mwembamba atafika."

"Hivyo hivyo, Bibi. Ningekuwa na wewe kwenye kamati, tungemaliza zamani."

"Kamati ina mwanamke wa kualika?"

"Haina."

"Basi ndiyo maana," akasema Bi Hind, akainuka kutafuta buibui.

Akazunguka siku tatu. Kila mlango alisalimu, akauliza wazee, akauliza miguu ya wazee, akakaa, akanywa alichopewa. Halafu, badala ya kueleza mambo ya kompyuta ambayo yangewalaza watu, akasema, "Kitendawili!"

"Tega."

"Nina binti. Nikimkuza akajaza lango la Ngome, shavu lake halina kovu. Nikimpunguza akakaa juu ya ukucha, nyusi zake zahesabika. Hana nyama, hana mfupa, ni maneno matupu. Ni nani?"

Wakajibu mwezi, wakajibu uvumi, mke wa mwalimu akajibu wifi yake. Kila waliposhindwa Bi Hind alijifunga mtandio. "Jibu liko Mbaraki, ukumbi wa arusi. Atakayekuja atalisikia. Nikutie jina?"

Alijua anachofanya. Mtu wa Kuze atavumilia njaa, joto na kukatika maji, lakini hatavumilia jirani yake ajue jibu na yeye halijui.

Jumatano alasiri akarudi, akakaa, akaanza kutaja majina kutoka kichwani, nyumba baada ya nyumba, bila karatasi. Areej aliandika mpaka kidole kikafa ganzi. Yalifika sitini, na pamoja na wale watatu wa mwanzo, sitini na watatu. Na hawakuwa watu wa kujaza viti tu. Alikuwamo Ziad, mwenye duka la kuchapisha fulana na kadi za arusi, aliyechoka kulaumiwa kwa nyuso za vigae. Alikuwamo Naomi, mwalimu wa chekechea, aliyechora kwa mkono picha za herufi za darasa zima kila muhula. Walikuwamo washonaji kofia sita, kila mmoja na michoro yake aliyorithi, wasiotaka kukaa karibu wasije wakaibiana.

Kazi ikawa fomu. Fomu ya Umoja ilikuwa wazi kwa wote, ila haikumruhusu mtu aendelee mpaka ataje taasisi yake, cheo chake, na akaunti yake ya mafundi. Areej akaandika taasisi: nyumba ya mwalimu. Cheo: wifi. Penye swali "Umesikiaje habari za mkutano?" palikuwa na majibu manane ya kuchagua, na hakuna hata moja lililosema nimegongewa mlango.

Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, kikao kikaanza. Areej aliweka kompyuta juu ya meza sebuleni, na Kazungu akaketi kando na daftari, amekuja moja kwa moja kutoka kazini na beji ya bandari bado kifuani. Bi Hind alikuwa kwenye kochi, na pamoja naye Ziad na Naomi, waliokuja, walivyodai wenyewe, kumjulia hali. Hali walikuwa wamemjulia asubuhi.

Mazungumzo ya kamati yalikuwa ya Kiingereza, Areej akiwafasiria walio nyuma yake kwa sauti ya chini. Ajenda ya kwanza, utepe. Hakuna mabadiliko. Ajenda ya pili, kama maji yatakuwa ya chupa au ya mtungi. Ikaundwa kamati ndogo. Ajenda ya tatu, wenyeji waliojiandikisha.

"Sitini na watatu," Areej akasema kwa furaha.

Sheryl akavua miwani. "Nimezipitia fomu. Sitini zimeingia siku moja, kutoka kompyuta moja. Hakuna hata mmoja mwenye akaunti ya mafundi. Kuna watu saba ambao cheo chao ni wifi. Samahani, Areej, lakini hizi zina dalili zote za majina yaliyotungwa na mashine."

"Wasemaje?" Bi Hind akauliza.

Areej akamgeukia. "Wasema hamko, Bibi. Wasema nyinyi ni mashine."

"Mimi mashine?" Ziad akaruka. "Mashine gani yenye jino linaloniuma tangu Ijumaa? Mwambie nimfungulie kinywa atazame!"

"Kaa chini, Ziad," Naomi akasema. "Ukimfungulia kinywa ndiyo watahama kabisa."

Lennox akakohoa kwa upole. "Wenzangu, hili ni gumu kwangu. Tunamthamini sana Areej. Lakini masharti ni masharti. Tuingie ajenda ya nne, mji wa mkutano. Ningependa kusikia maoni..."

Areej hakusikia yaliyofuata. Aliona tu zile biskuti, na zile nyuso za mwaka uliopita na mwaka juzi, zikimpungia mkono kutoka kwenye zulia la watu. Miaka sita. Machozi yalikuwa yamekwisha kujipanga.

Bi Hind aliona. Akajiinua kutoka kochini, akamsogeza mjukuu wake kwa nyonga kama anavyosogezwa mtu jikoni, akakaa mbele ya kompyuta, akaweka mtandio sawa.

"Assalamu alaikum."

"Wa alaikum salaam," Lennox akajibu, maana malezi hayamtoki mtu.

"Masalkheri, mwanangu. U hali gani? Mama hajambo? Na baba? Wangali hai?"

"Mama yupo, anashukuru Mungu. Baba alitutoka."

"Mungu amrehemu. Aliwatoka lini? Aliumwa? Na huyo mama anaishi na nani? Wampigia simu?"

Ajenda ya nne ikasimama. Kwa dakika sita mwenyekiti wa Umoja wa Mistari Wazi alieleza, mbele ya wajumbe wa nchi tisa, kwa nini hajampigia mama yake tangu mwezi wa Ramadhani. Hakuna kanuni ya Sheryl iliyoonyesha namna ya kumkatiza mtu anayekuamkia.

"Sasa," Bi Hind akasema, "nimeambiwa mwatafuta watu wenye elimu ya mambo haya. Vyema. Kitendawili!"

"Tega!" Lennox akasema kabla hajajua kuwa amefungua kinywa. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto wa miaka saba.

Bi Hind akatega kitendawili cha yule binti wake, taratibu, neno kwa neno: lango la Ngome, ukucha, nyusi, maneno matupu. Lennox akawafasiria wenzake. Mafundi wakaanza kukisia.

"Ni wingu la hifadhi," kidirisha kimoja kikasema.

"Siyo."

"Ni imani ya mteja," kikasema kingine.

"Siyo, baba, pole."

Sheryl alifikiri sana, akaandika, akafuta. "Ni kanuni?" akauliza, na kidogo alikuwa na matumaini.

"Siyo, mama."

Kumi na mmoja hao, waliozeeka wakimlea binti huyo, waliomlisha na kumvisha na kumgombania utepe, wakamtazama usoni na hawakumjua. Mmoja akapendekeza waunde kamati ndogo.

"Mmeshindwa," Bi Hind akasema. "Nipeni mji."

Lennox akacheka, akawaelezea. Kwetu, alisema, ukishindwa kitendawili lazima umpe mji aliyekitega, akiupenda atalisema jibu, na asipoupenda anakataa mpaka umpe mwingine. Vidirisha vilifurahi. Vitatu viliwaka taa, zikaonekana nyuso ambazo Areej hakuwahi kuziona miaka sita. Wakaanza kugawa miji yao.

"Huo una baridi, siutaki," Bi Hind akasema. "Huo hata jina silitamki, nitafikaje? Huo nasikia hakuna nazi. Nyie, mwanipa miji au mwanipa adhabu?"

"Umpe aupendao, Lennox," Sheryl akasema, akicheka, na kumbe alikuwa na vishimo mashavuni. "Mimi nataka jibu."

"Basi, Bibi," Lennox akasema, akifuta macho. "Chukua Mombasa!"

"Naunga mkono," Sheryl akasema.

Na Lennox, kwa mazoea ya miaka tisa, mdomo ukatangulia. "Kuna pingamizi? Moja, mbili, tatu..."

Wote walikuwa wakitabasamu. Kazungu peke yake hakutabasamu. Kalamu yake ilikuwa ikienda.

"...tisa, kumi. Imepita. Haya, Bibi, jibu!"

"Mombasa nimekwenda," Bi Hind akasema, "nikapokewa, nikala, nikashiba. Jibu ni picha zenu hizo mnazozichora kwa maneno. Lo! Mimi nimezijua Jumapili."

Lennox akatazama chini, wengine wakarekebisha viti vyao. Hatimaye Lennox akasema, "Ni kweli kabisa. Tunashukuru. Sasa turudi kwenye ajenda ya nne, mji wa mkutano."

"Mheshimiwa mwenyekiti," Kazungu akasema, akasimama ingawa hakuna aliyemwona miguu, "ajenda ya nne imekwisha."

"Imekwishaje?"

Kazungu akasoma kwa sauti ya karani anayesoma orodha ya makontena. "Ajenda ya nne, mji wa mkutano. Mwenyekiti alipendekeza Mombasa. Sheryl aliunga mkono. Pingamizi, hakuna. Mwenyekiti alihesabu hadi kumi. Limepita."

"Lakini ule ulikuwa mchezo, Kazungu."

"Kwenye ukurasa wa kumbukumbu hakuna sehemu ya mchezo, mheshimiwa. Niliitafuta."

"Basi tulifungue tena."

"Kanuni ya kumi na saba," Areej akasema kutoka nyuma ya bega la bibi yake. Machozi yalikuwa yamekauka. "Taarifa ya siku sitini. Mkutano hauna hata siku arubaini. Natoa mchango huu kwa shukrani nyingi."

Wote wakamgeukia Sheryl, kwa namna watu wa vidirisha wanavyogeuka. Sheryl alivaa miwani. Alifungua kanuni zake mwenyewe, akazisoma kwa midomo, akarudia. Alimtazama Bi Hind, akamtazama Ziad aliyekuwa ameshika shavu, akamtazama Naomi, na huenda akawahesabu, maana alisema, "Mashine haiumwi jino." Kisha akasema, "Kumbukumbu ziko sahihi. Mkutano ni Mombasa."

Ziad alipiga kelele mpaka jino likamkumbusha. Akaapa atachapisha bango bure, la mistari, lisilopasuka, alitundike Kibarani ili kila aingiaye kisiwani alione. Kazungu akaomba maji. Areej aliweka kichwa kwenye bega la bibi yake, pale penye harufu ya karafuu, akakaa hapo kama ana miaka mitano.

"Ondoka, wanilemea," Bi Hind akasema, lakini hakusogeza bega.

Jioni ile Areej alijaza upya fomu yake. Penye swali la kumi na mbili, "Je, utahitaji barua ya kuombea viza?", swali alilolijibu ndiyo miaka yote, alitia alama kwenye hapana, akaitazama ile alama muda mrefu, ndogo kama ukucha.

Kesho yake asubuhi ukaja ujumbe wa Sheryl. Alikuwa amekwenda kuomba kibali cha kuingia Kenya, akaulizwa atafikia kwa nani, anamjua nani, na ataondoka lini. Hakujua aanzie wapi. Je, kuna mtu wa kumsaidia?

Areej akamsomea bibi yake.

"Maskini," Bi Hind akasema, akichukua buibui msumarini. "Kwani akaa mtaa gani? Niende nikamgongee."

"Mbali, Bibi. Ulaya."

"Ah." Bi Hind akalirudisha buibui. "Basi utamfanyaje?"

Areej akafikiri kidogo, akatabasamu, akamtumia kiungo cha fomu, swali la kumi na mbili.